Kompyuta Haitambui Kifaa cha USB: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa na Kulirekebisha

Umechomeka flashi, kimya. Au kompyuta imetoa mlio, kisha kikajitokeza kisanduku chenye maneno "USB device not recognized". Au taa ya flashi inawaka vizuri tu, lakini ukifungua orodha ya diski huioni. Watu huyaita yote matatu kwa jina moja, "kompyuta haisomi USB", na hapo ndipo muda unapoanza kupotea, maana ni makosa matatu tofauti na dawa zake hazifanani. Draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, haiungi waya uliokatika ndani ya kebo, na kebo mpya haiipi herufi (kama D au E) diski ambayo haijapewa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kifaa na kompyuta vimeshindwa kuelewana wakati gani.

Kinachotokea unapochomeka

Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne. Kwa rangi za kawaida, nyekundu hubeba umeme wa volti 5, nyeusi huurudisha, na mbili zilizobaki, kijani na nyeupe, hubeba data. Ukiitazama plagi kwa karibu utaona vipande vinne vya chuma: viwili vya pembeni, vya umeme, ni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati. Vimetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili kifaa kipate umeme kabla data haijagusana.

Kikishapata umeme, kifaa huinua volti ya waya mmoja wa data kupitia rezista ya kiloomu 1.5. Hiyo ndiyo hodi yake. Kompyuta huisikia, hukirudisha kifaa mwanzo, kisha hukiuliza: wewe ni nani? Kifaa hutakiwa kujibu kwa namba mbili, VID ya mtengenezaji na PID ya bidhaa, na kutaja kinahitaji umeme kiasi gani. Hapo ndipo kompyuta hutafuta draiva inayolingana na namba hizo. Kama mgeni ni diski, kuna hatua moja zaidi: kusoma mfumo wake wa faili, yaani namna faili zilivyopangwa ndani yake, na kuipa herufi.

Umeme, hodi, utambulisho, draiva, mfumo wa faili. Kosa lako limekaa kwenye mojawapo ya hatua hizo, na kila moja ina dalili yake.

Tazama kwanza, usirekebishe bado

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M. Litafunguka dirisha la Device Manager, yaani orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Liache wazi. Chomoa kifaa, subiri sekunde 10, kichomeke tena huku macho yako yakiwa kwenye orodha. Kila mara kompyuta inaposikia hodi, orodha hupepesa na kujipanga upya.

Orodha isipopepesa wala mlio usisikike, hodi haijafika. Tafuta kosa kwenye kebo, poti, umeme au kifaa chenyewe. Draiva ya kifaa haihusiki hata kidogo, na kuipakua ni kujichosha.

Likitokea jina "Unknown USB Device" likifuatiwa na "Device Descriptor Request Failed", hodi imesikika ila kifaa kimeulizwa jina na hakikujibu sawasawa. Bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha Details, na kwenye menyu ya kushuka chagua Hardware Ids. Ukikuta VID_0000, kompyuta haikupata namba ya kifaa. Mara nyingi sababu ni umeme mdogo, waya wa data uliolegea, au chipu ya kifaa iliyokufa. Mara chache, poti zenyewe zimeganda, na hizo huzinduka kwa kuzimwa kikamilifu.

Ukiona jina la kweli la kifaa lakini lina alama ya njano ya mshangao, tatizo ni draiva au mipangilio. Na jina likiwa safi chini ya Disk drives huku This PC haionyeshi kitu, rukia sehemu ya diski hapo chini. USB yako inafanya kazi. Lililobaki ni suala la diski.

Kwenye Linux fungua terminali uandike sudo dmesg -w, kisha chomeka. Maelezo yatatiririka papo hapo. Mstari kama "new high-speed USB device number 5" ni hodi iliyopokelewa. "device descriptor read/64, error -71" ni mazungumzo yaliyoharibika njiani, na "error -110" ni kompyuta kungoja jibu hadi muda ukaisha. Mara nyingi makosa hayo mawili huanzia kwenye kebo, habu (kigawanyio cha poti moja kuwa nyingi) au umeme, kwa hiyo anza huko. Amri ya lsusb itakuorodheshea waliokwisha kujitambulisha. Kwenye Mac, fungua System Information na uingie sehemu ya USB. Kama kifaa hakimo humo, hakijajitambulisha.

Kubadilishana, kitu kimoja kwa wakati

Hili ni jaribio lisilo na gharama na ndilo linalotatua kesi nyingi kuliko mengine yote. Sharti lake ni moja: ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha kebo na poti kwa mpigo na kifaa kikafanya kazi, hujui kipi kilikuwa kibovu.

1. Ondoa kila kitu cha katikati: habu, kebo ya kurefusha, adapta ya kugeuza plagi. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta.

2. Hamia poti nyingine. Kwa kompyuta ya mezani, tumia poti za nyuma. Hizo zimelehemewa moja kwa moja kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, lakini za mbele zimeungwa kwa nyaya nyembamba zinazopita ndani ya kasha, na nyaya hizo hulegea au huwa hazikuunganishwa kabisa tangu kompyuta ilipofungwa. Ikiwa poti zote za mbele zimekufa kwa pamoja na za nyuma ni nzima, zima kompyuta, chomoa umeme, fungua kasha na utafute plagi ya pini 9 au ile kubwa ya pini 19 iliyochomoka kwenye madabodi.

3. Rudi kwenye poti ya kwanza na uchomeke kifaa kingine ambacho una hakika ni kizima. Kipanya kinafaa, lakini usikiamini sana. Kipanya hula umeme kidogo mno, hivyo kikifanya kazi kinathibitisha tu kwamba nyaya za data ziko hai. Hakithibitishi kwamba poti inaweza kuilisha diski.

4. Badilisha kebo, kama kifaa kina kebo inayochomoka.

5. Peleka kifaa kwenye kompyuta nyingine, ikiwezekana yenye mfumo endeshi tofauti. Kikikataa kwenye kompyuta mbili kwa kebo mbili tofauti, kosa ni la kifaa na huna haja ya kuendelea kuihangaisha kompyuta yako.

Kebo

Kebo ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa sababu hukunjwa, huvutwa na kukanyagwa kila siku. Lakini kuna aina moja inayowazungusha watu kwa saa nzima: kebo ya kuchajia tu. Ndani yake mna nyaya mbili za umeme, za data hazimo. Kwa nje inafanana kabisa na kebo kamili. Simu inachaji, taa inawaka, na kompyuta haisikii lolote. Kebo zinazokuja na spika ndogo, taa na vifaa vingine vya bei nafuu mara nyingi ni za namna hii. Ukiigundua, ifunge mkanda wa rangi uijue siku nyingine.

Urefu nao una mpaka wake. Kwa USB 2.0, usizidi mita 5. Kwa USB 3.0, ukivuka mita 3 hivi unaanza kubahatisha, na kebo ya kurefusha huhesabiwa ndani ya urefu huo. Kebo ndefu haikatai waziwazi. Kifaa hutambulika, hupotea, hurudi. Mlio wa kuunganika na kukatika ukijirudia bila mtu kugusa kitu, fupisha kebo kabla ya kufikiria lingine.

Kwa USB-C, umbo la plagi halisemi chochote kuhusu kilichomo ndani. Kebo moja hubeba umeme na data za kasi ya USB 2.0 tu, nyingine hubeba data za kasi kubwa na picha, na zote mbili zinaingia tundu lile lile. Poti nazo ni hivyo hivyo: baadhi ya kompyuta mpakato zina poti ya USB-C ya kuchaji peke yake. Angalia alama iliyo kando yake au kitabu cha kompyuta.

Diski nyingi za nje huwa na tundu pana lenye sehemu mbili zilizogawanywa na kishimo kidogo, lile la USB 3.0 aina ya Micro-B. Sehemu pana zaidi ya tundu hilo hupokea kebo ya kawaida ya Micro-USB ya 2.0, ile iliyokuwa ya simu za zamani. Diski itafanya kazi kwa kasi ndogo. Kama kwa kebo yake haionekani na kwa hii inaonekana, basi kosa limo kwenye nyaya za ziada za USB 3.0, iwe kwenye kebo au kwenye tundu. Na umepata njia ya kunakili faili zako kabla ya kutafuta kebo nyingine.

Umeme haumtoshi kila mgeni

Poti ya USB 2.0 imeahidi miliampia 500, ya USB 3.0 miliampia 900. Flashi na kibodi haziwezi kufikia hapo. Diski ya nje ya inchi 2.5 yenye sahani inayozunguka inaweza, hasa sekunde zile za kuanza kuzunguka. Iweke sikioni: ikianza kuvuma, ikatoa "tik", ikazima, ikaanza tena, huenda inaomba umeme na haupati. Mlio huo huo pia ni wa diski inayokufa, kwa hiyo usiiache iendelee kugonga. Ihamishie kwenye poti yenye nguvu zaidi mara moja. Ikitulia, ulikuwa umeme. Ikiendelea kugonga hata kwenye poti ya nyuma au habu yenye adapta yake, ichomoe na usiiwashe tena mpaka uamue kuhusu data zilizomo.

Habu isiyo na adapta huchukua miliampia zile zile za poti moja na kuwagawia wote. Ukiwa umechomeka kibodi, kipanya, kamera na diski kwenye habu ya namna hiyo, diski ndiyo itakayoshindwa kwanza. Tumia habu yenye adapta yake ya umeme. Diski za inchi 3.5 ni kisa kingine: zinahitaji volti 12, ambazo poti ya kawaida haitoi, hivyo bila adapta yake haiwezi kuonekana popote. Adapta inaweza kuwaka taa na bado ikawa imechoka. Ipime kwa mita ya volti.

Ujumbe wa "Power surge on the USB port" usiuchukulie kirahisi. Maana yake kifaa kinavuta umeme kupita kiasi, au vyuma viwili vinagusana mahali. Chomoa kila kitu. Kama ujumbe unabaki hata poti zikiwa tupu, kosa liko ndani ya poti, na hapo unahitaji tochi.

Kuchungulia ndani ya poti

Zima kompyuta na uchomoe umeme, tena kama betri inatoka, itoe. Mulika ndani ya tundu. Utaona ulimi wa plastiki wenye vyuma vinne vilivyolala sambamba, na kwenye USB 3.0 kuna safu nyingine ya vyuma vitano. Kila safu inapaswa kuwa imenyooka, kila chuma na nafasi yake. Kilichopinda na kumgusa jirani ndicho kinacholeta ujumbe wa umeme kupita kiasi. Ulimi ukiwa umevunjika au unayumba, acha kutumia tundu hilo. Kulichokoa ni kuitia madabodi hatarini.

Vumbi na nyuzi za nguo, hasa kwenye USB-C inayobebwa mfukoni au mkobani, hujishindilia mwisho wa tundu hadi plagi isifike. Dalili yake ni plagi kubaki nje kama milimita moja au kutotoa ule mguso wa kufunga. Zitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, kamwe si kwa sindano wala pini. Kisha paka alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa brashi laini, subiri dakika 10 ikauke, ndipo uwashe. Plagi ya kifaa nayo ifute. Kutu ya kijani kwenye vyuma vyake ni unyevu uliowahi kuingia.

Kuzima kwa kweli

Ushauri wa "zima uwashe" una mtego. Windows 10 na 11, zikiwa na Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka), hazizimiki kabisa ukibofya Shut down: sehemu ya mfumo, pamoja na hali ya draiva, huhifadhiwa na kurudishwa vile vile ulivyoiacha, kosa likiwemo. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Kama unataka kuzima kikamilifu, shikilia Shift huku ukibofya Shut down, au andika shutdown /s /t 0 kwenye Command Prompt.

Poti zikiwa zimeganda kabisa, ondoa hata umeme uliobaki kwenye saketi:

1. Chomoa vifaa vyote vya USB, kisha zima kompyuta kwa njia hiyo ya kikamilifu.
2. Chomoa waya wa umeme au chaja. Toa betri kama inatoka.
3. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30.
4. Rudisha umeme, washa, subiri mfumo utulie, ndipo uchomeke kifaa.

Inaonekana kama mazingaombwe, lakini sababu yake ni ya kawaida. Kidhibiti cha USB huendelea kupata umeme mdogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, ndiyo maana baadhi ya poti huchaji simu usiku kucha, na kikiganda hakizinduki mpaka umeme huo ukatwe.

Draiva na namba za makosa

Umefika hapa kwa sababu kifaa kina alama ya njano, au kwa sababu kebo, poti na umeme vimethibitika kuwa vizima. Bofya mara mbili jina la kifaa ndani ya Device Manager na usome namba iliyo chini ya Device status.

Code 28 ni draiva haijasakinishwa. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kifaa au wa kompyuta, ukitumia VID na PID kuhakikisha ni yenyewe. Programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke. Mara nyingi huleta mzigo usiouomba. Code 22 ni kifaa kimezimwa na mtu, bofya Enable device. Code 52 ni draiva isiyo na sahihi inayokubalika, tafuta toleo jipya. Code 10 ni kifaa kilichoshindwa kuanza, na hutokea sana kwa vigeuzi vya USB kwenda serial vyenye chipu za kuiga, ambazo draiva ya mtengenezaji halisi huzikataa. Code 45 usiijali, ni kivuli cha kifaa kilichowahi kuchomekwa. Code 43 maana yake Windows imekisimamisha kifaa baada ya kupokea taarifa ya hitilafu; ikija pamoja na VID_0000, rudi kwenye kebo na umeme.

Kusafisha draiva na kuanza upya:

1. Kifaa kikiwa kimechomekwa, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia na uchague Uninstall device. Usiweke tiki ya kufuta draiva yenyewe isipokuwa tayari unayo mpya.
2. Chomoa kifaa. Bofya View, kisha Show hidden devices. Majina yatakayotokea yakiwa yamefifia ni ya vifaa visivyochomekwa sasa. Sanidua lile la kifaa chako pekee.
3. Restart.
4. Chomeka na usubiri dakika mbili, usikichomoe kwa papara wakati Windows inasakinisha.

Isipofaa, unaweza kusanidua pia vidhibiti vilivyo chini ya Universal Serial Bus controllers, ambavyo Windows itavirudisha yenyewe ikiwaka upya. Tahadhari: kama kibodi na kipanya chako ni vya USB, vitakufa katikati ya kazi hiyo. Funga kazi zako zote kwanza, na ujue kwamba huenda ukalazimika kuzima kwa kitufe cha kompyuta.

Kifaa kinachotambulika vizuri kisha kikapotea baada ya dakika kadhaa za kutotumika kimelazwa na mfumo wa kubana umeme. Ndani ya Device Manager fungua kila USB Root Hub, ingia Power Management na uondoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Halafu fungua Control Panel, Power Options, mipangilio ya juu ya mpango unaotumia, na chini ya USB settings weka USB selective suspend kuwa Disabled. Baadhi ya kompyuta mpya hazionyeshi kipengele hiki cha pili. Hatua ya kwanza itatosha. Kwa kompyuta mpakato, betri itaisha mapema kidogo.

Kompyuta zenye Windows 7 zina shida yao peke yake: mfumo huo ulitoka mwaka 2009 bila draiva za USB 3.0, hivyo baada ya kusakinishwa upya poti hizo hubaki bubu mpaka draiva ya madabodi iwekwe. Tumia poti ya 2.0 kuiingiza.

Diski ina jina lakini haina herufi

Usifomati. Windows ikikuambia "You need to format the disk", bofya Cancel, hata kama imekuuliza mara tatu.

Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Itafute diski yako kwa ukubwa wake, na usome kilichoandikwa kwenye kisanduku chake.

Ikiwa ina mfumo wa faili, tuseme NTFS, na haina herufi, bofya kisanduku hicho kwa kitufe cha kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Add, na uipe herufi isiyotumika, ya mbali kama R. Kosa hili huja pale herufi iliyokuwa ya flashi inaposhikwa na folda ya mtandao. Diski ikiandikwa Offline, bofya jina lake upande wa kushoto na uchague Online.

Ikiwa kisanduku kinaonyesha sehemu nzima isiyo na herufi wala mfumo unaojulikana, jiulize diski ilitumika wapi mwisho. Windows yenyewe haisomi ext4 ya Linux wala APFS ya Mac. Diski ni nzima kabisa. Irudishe kwenye mfumo wake, nakili faili, kisha uifomati exFAT, ambayo Windows, Mac na Linux za sasa zote huisoma na kuiandika. FAT32 nayo husomwa kote, ila haipokei faili moja inayofika GB 4.

Ikiandikwa RAW, mfumo wa faili umeharibika, mara nyingi kwa kuchomolewa wakati wa kuandika. Faili kwa kawaida bado zimo. Agizo la chkdsk limezoeleka, lakini hurekebisha muundo wa diski bila kujali faili zako, kwa hiyo nakala hutangulia. Kwenye Linux, ddrescue hutoa nakala ya diski nzima hata yenye sehemu mbovu. Baada ya hapo TestDisk au PhotoRec, programu za kuokoa faili, ifanye kazi juu ya nakala hiyo. Programu zote tatu ni za bure. Kilichopatikana kiandikwe kwenye diski nyingine, kamwe si ile ile unayoiokoa.

Na ikiandikwa No Media, chipu ya kudhibiti flashi iko hai lakini haipati kumbukumbu iliyo nyuma yake. Hakuna programu ya kufomati itakayosaidia, ziwe zimesifiwa vipi.

Kwenye Mac diski inaweza kuwa imeunganika na bado isionekane mezani. Angalia mipangilio ya Finder kama External disks ina tiki, kisha fungua Disk Utility na uchague View, Show All Devices. Kompyuta mpakato za Mac zenye chipu za Apple, kuanzia macOS Ventura, huomba ruhusa kabla ya kupokea kifaa kipya; ukibofya kukataa kwa bahati mbaya, badilisha kwenye Privacy & Security.

Vifaa vyenye tabia zao

Simu ya Android ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu. Fungua skrini, vuta taarifa za juu, gusa ile ya USB na uchague kuhamisha faili. iPhone huuliza kama unaiamini kompyuta, na swali hilo halitokei skrini ikiwa imefungwa.

Kipokezi kidogo cha kipanya kisichotumia waya kinaweza kutambulika na bado kipanya kikasita au kukata. Mara nyingi jirani yake ni diski ya USB 3.0, ambayo mawimbi yake huvuruga masafa ya GHz 2.4 yanayotumiwa na kipokezi. Kisogeze upande wa pili wa kompyuta au kiweke kwenye kebo fupi ya kurefusha.

Printa nyingi hutaka programu isakinishwe kwanza, na kebo ichomekwe pale tu programu inapoomba. Ukiwahi kuchomeka, isanidue na uanze kwa mpangilio huo.

Poti zote zimekufa

Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, wakati kompyuta inawaka, mara nyingi kwa F2 au Delete, na utazame kama poti za USB hazijazimwa. Kibodi ya USB ikifanya kazi humo ndani na ikafa Windows inapofunguka, vifaa ni vizima na kosa ni la mfumo. Vile vile, kompyuta ikiweza kuwaka kutoka kwenye flashi ya Linux, poti haina lawama.

Kwa kompyuta ya ofisi au shule, kuna uwezekano flashi zimezuiwa kwa makusudi. Dalili iko wazi: kipanya na kibodi zinafanya kazi kwenye kila poti, lakini flashi na diski zote zinakataliwa, ziwe za nani. Mwone msimamizi wa kompyuta. Kwa kompyuta yako mwenyewe uliyoinunua ikiwa imetumika, kizuizi hicho huweza kuwa kimebaki: fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Services, USBSTOR, na utazame thamani ya Start. Ikiwa 4, imezimwa. Weka 3 na uwashe upya.

Poti zikiwa kimya ndani ya BIOS, ndani ya Linux na baada ya kukata umeme wote, hitilafu imo kwenye madabodi. Tundu moja lililovunjika fundi hulibadilisha kwa kulehemu. Kidhibiti kilichoungua ni kazi kubwa zaidi, na kwa kompyuta ya mezani kadi ya USB inayochomekwa kwenye nafasi ya PCI Express hurudisha poti bila kuigusa madabodi.